Yamaha FJR1300 au Kawasaki 1400GTR: ipi utakaa nayo siku nzima?

Mtu anayetafuta pikipiki ya safari ndefu yenye mwendo mkali, inayotumia shafti badala ya cheni, yenye mabegi yake ya pembeni kutoka kiwandani, lakini isiyo zile nzito za kitalii zenye redio na viti kama makochi, hatimaye hubaki na majina mawili mkononi. Moja ni Yamaha FJR1300, iliyotoka Ulaya mwaka 2001. Nyingine ni Kawasaki 1400GTR, iliyotoka mwaka 2007, ambayo Marekani inajulikana kama Concours 14. Majina hayo mawili yasikuchanganye ukiwa unatafuta ya mkononi: ni pikipiki ileile.

Nimesafiri na zote mbili kiasi cha kuwa na msimamo, na nautoa mapema ili usome ukijua ninakoelekea. Kwa mtu anayekaa kitini kuanzia asubuhi hadi jioni, na kesho yake akarudia, mimi nachukua FJR ya mwaka 2016 au ya baada ya hapo. Kwa mtu ambaye raha yake ni kulaza pikipiki kwenye kona ndefu kwa kasi, akiwa na abiria nyuma na mizigo imejaa, nampa GTR ya mwaka 2010 au ya baada ya hapo, na simwonei huruma hata kidogo, maana amepata chombo. Sababu zangu nyingi haziko kwenye nguvu farasi, ingawa ndiko ubishi wa vijiweni unakoanzia. Ziko kwenye yale yanayokupata saa ya sita ukiwa bado barabarani.

Namba kwanza, tuziweke pembeni:

| | FJR1300 (2016 na kuendelea) | 1400GTR (2010 na kuendelea) |
|---|---|---|
| Injini | silinda 4 za mstari, cc 1298 | silinda 4 za mstari, cc 1352 |
| Upana wa silinda na mwendo wa pistoni | mm 79 × 66.2 | mm 84 × 61 |
| Nguvu farasi | 146 kwenye mizunguko 8,000 | 155 kwenye mizunguko 8,800 |
| Torki (nguvu ya kuzungusha) | Nm 138 kwenye mizunguko 7,000 | Nm 136 kwenye mizunguko 6,200 |
| Gia | 6 | 6 |
| Tangi | lita 25 | lita 22 |
| Kimo cha kiti | mm 805 au 825 | mm 815 |
| Umbali kati ya ekseli mbili | mm 1,545 | mm 1,520 |
| Tairi la nyuma | 180/55-17 | 190/50-17 |
| Uzito ikiwa imejazwa mafuta | kilo 289 | zaidi ya kilo 300 |
| Begi la pembeni, kila moja | lita 30 | lita 35 |

Injini

Ukisoma jedwali haraka utasema Kawasaki imeshinda: farasi tisa zaidi. Lakini angalia farasi hao wanapatikana wapi. Ni kwenye mizunguko 8,800 kwa dakika, na pikipiki yenye injini ya cc zaidi ya 1,300 haifiki huko katika safari ya kawaida. Ukiwa na mwendo wa kusafiri, mshale unacheza chini ya nusu ya hapo. Sasa tazama mwendo wa pistoni. Ya Yamaha inapanda na kushuka milimita 66.2, ya Kawasaki 61. Injini yenye pistoni ya mwendo mrefu huwa na mvuto wa chini, ule wa kuitikia mara tu unapogusa mafuta kabla mshale haujapanda. Ndivyo FJR ilivyo. Uko nyuma ya lori kwenye gia ya tano, barabara inafunguka, unazungusha mkono kidogo tu na umeshalipita. Hukushusha gia wala hukusikia kelele.

GTR imezaliwa kwa injini ya ZZR1400, pikipiki ya mwendo mkali kupindukia, kisha Kawasaki wakaituliza kwa ajili ya safari. Upande wa valvu za kuingiza hewa wameweka mfumo unaobadilisha wakati wa kufunguka kwake kulingana na mizunguko, ili injini isiwe nzito chini wala isibanwe pumzi juu. Mfumo huo unafanya kazi vizuri. Chini iko laini, haina mtikisiko, na ukishavuka mizunguko 6,000 inakuja nguvu ambayo FJR haina. Tatizo, kama ni tatizo, ni gia ya sita. Wameifanya ndefu mno, ya kutembelea tu, injini ikipumzika. Ukitaka kuoveteki kwa haraka ukiwa kwenye sita unasubiri. Itakubidi ushuke hadi tano au nne. Wapo wanaopenda hivyo, kwa sababu kushusha gia ndiyo raha yenyewe. Mimi baada ya saa tano sitaki raha hiyo, nataka kupita na kuendelea.

Hapa ndipo mwaka wa FJR unapokuwa na maana kubwa. Kuanzia 2001 hadi 2015 ilikuwa na gia tano. Mtu aliyekuwa amezoea pikipiki nyingine alikuwa akikanyaga juu kutafuta gia ya sita ambayo haipo, na injini ikiendelea kuunguruma kuliko alivyotaka. Mwaka 2016 Yamaha wakaipa giaboksi mpya ya gia sita, pamoja na klachi inayoteleza kidogo unaposhusha gia kwa nguvu, ili tairi la nyuma lisirukeruke. Klachi hiyo ni nyepesi pia mkononi. Mtu anaweza kuona gia moja ni jambo dogo. Ukitoka asubuhi na kufika magharibi, ile mizunguko michache iliyopungua ndiyo inayoamua kama viganja vyako vitakuwa na ganzi au la.

Mkono wa kulia

Jambo ambalo kwangu linamaliza mjadala, na ambalo wanunuzi wengi hulikumbuka wakiwa tayari wamelipa, ni kifaa cha kushika mwendo. Wengine wanakiita kruzikontroli. Unafika mwendo unaoutaka, unabonyeza, pikipiki inashika mwendo huo yenyewe na unaachia mafuta. FJR inacho kuanzia toleo la mwaka 2013, lilipoingia pia mfumo wa mafuta unaoendeshwa kwa umeme badala ya waya pekee, uchaguzi wa namna mbili za kuitikia mafuta, na mfumo wa kuzuia tairi la nyuma lisiteleze. GTR haikuwahi kupewa kifaa hiki katika maisha yake yote, kutoka toleo la kwanza hadi la mwisho.

Asiyesafiri mbali hataona uzito wa hili. Mkono wa kulia ndio unaobana mafuta muda wote, na kifundo kinakaa kimepinda kwa pembe ileile saa baada ya saa. Huwezi kuunyoosha, kwa sababu ukiachia, pikipiki inapungua mwendo na gari la nyuma linakukaribia. Kuna vishikizo vya plastiki vya kubana kwenye mkono wa mafuta ili uusukume kwa kiganja, na vinasaidia. Lakini havifanani na kuachia kabisa, ukakunja na kukunjua vidole, ukaupumzisha mkono pajani kwa sekunde kumi kwenye barabara tupu iliyonyooka, mkono wa kushoto ukiwa kwenye hendeli. Baada ya hapo unarudi kama mtu aliyelala.

Kawasaki wao walitangulia kwingine. Mfumo wa kuzuia tairi lisiteleze waliuweka mwaka 2010, miaka mitatu kabla ya Yamaha, pamoja na joto la hendeli kwa siku za baridi na breki zinazoshirikiana mbele na nyuma. Pia ina kipimo cha upepo wa matairi kinachoonyesha namba kwenye dashibodi, na hicho nakitamani kwenye kila pikipiki. Msumari mdogo huingia asubuhi na upepo huvuja taratibu. Macho hayaoni, ila kipimo kinaona.

Uzito, na jinsi unavyojionyesha

Kilo 289 dhidi ya kilo mia tatu na kitu. Kwenye karatasi ni tofauti ya mfuko wa mahindi usiojaa. Zikishatembea, tofauti hiyo inayeyuka; zote mbili zinakaa barabarani kama zimepigwa misumari. Uzito unarudi pikipiki inaposimama.

Niliwahi kuangusha pikipiki moja ya daraja hili, sitaitaja jina kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nilisimama kwenye mteremko mdogo, tangi limejaa, mguu wa kushoto ukatua juu ya kokoto. Haikuanguka kwa kishindo. Ilianza kuegemea polepole, na nikagundua kwamba kuna nyuzi fulani za kuegemea ambazo ukishazivuka hakuna misuli ya binadamu inayoweza kuirudisha. Nikaishusha chini kama ninavyoshusha mtoto aliyelala. Kuinyanyua nako kuna njia yake. Zima injini kwanza. Iwapo imelala upande wa kulia, teremsha stendi ya pembeni kabla hujaigusa, isije ikapitiliza ikaangukia upande wa pili. Na hakikisha iko kwenye gia ili isibingirike. Kisha igeuzie mgongo, makalio yakiegemea kwenye kiti, mkono mmoja kwenye hendeli iliyokunjwa hadi mwisho, mwingine kwenye kishikio cha abiria, na uisukume kwa mapaja kwa hatua ndogondogo za kurudi nyuma. Ukiinama kuivuta kwa mikono, utaondoka na maumivu ya kiuno ya wiki nzima.

Nasimulia haya kwa sababu GTR, licha ya kuwa na kiti cha milimita 815 tu, inabeba uzito wake juu kidogo kuliko FJR, na unalihisi hilo unapogeuza pikipiki mahali finyu kwa mwendo wa mtu anayetembea. FJR ina kiti cha kupandisha na kushusha bila spana, milimita 805 au 825. Mwenye miguu mifupi achukue 805, ajaribu kuweka nyayo zote mbili chini, si vidole tu. Asipoweza kwa FJR, hataweza kwa GTR.

Neno moja kuhusu FJR za gia za umeme, zile zenye herufi AS kwenye jina, ambazo Marekani ziliitwa AE. Hazina mkono wa klachi kabisa. Unabadilisha gia kwa mguu au kwa kitufe cha mkononi, na kompyuta ndiyo inayoshika klachi. Kwenye foleni ni neema. Lakini aliyezoea kugeuza pikipiki nzito kwa kuicheza klachi nusu nusu, atajikuta hana kitu cha kucheza, na ndipo wengi huangukia. Ukiichukua, jifunze upya kugeuza kwa kushikilia breki ya nyuma kidogo huku mafuta yamefunguka kidogo. Tenga siku moja nzima kwenye uwanja mtupu.

Joto

Injini za ukubwa huu zilizofunikwa na plastiki hutoa joto, na joto hilo lina njia moja ya kupita: mapajani na magotini kwako. FJR za kwanza zilikuwa na sifa mbaya kwa hili, na toleo jipya la mwaka 2006 lilikuja na njia mpya za hewa na vifuniko vya kurekebisha ili joto lipite mbali na mpanda. GTR za mwaka 2008 na 2009 zilipata malalamiko hayohayo, na marekebisho yake yakaja na toleo la 2010. Ndiyo maana nakuambia usiishie kwenye jina la pikipiki. Mwaka wa kutengenezwa ni nusu ya uamuzi. GTR ya 2010 na FJR ya 2004 si mashindano ya haki, na GTR ya 2008 dhidi ya FJR ya 2016 nayo si ya haki.

Mafuta

Chukua mfano wa lita 6 kwa kila kilomita 100, kiasi ambacho pikipiki hizi hutumia zikienda kwa heshima. Tangi la FJR linakupa kilomita 400 na kidogo kabla halijakauka. La GTR linakupa kama 360. Hakuna anayeendesha hadi tone la mwisho, kwa hiyo toa hamsini au sitini kila upande. Bado tofauti ni ya kituo kizima cha mafuta kwenye njia zenye vituo vichache.

Kuna jambo jingine lisiloonekana kwenye majedwali mengi. Kwa vitabu vya soko la Marekani, FJR inakubali petroli ya kawaida, ya oktani 86 kwa kipimo cha huko. GTR inataka isiyopungua 90 kwa kipimo hichohicho, maana yake ile ya daraja la juu. Anayepita sehemu ambako pampu ina aina moja tu ya petroli, na yeye hana namna ya kujua ubora wake, aliweke hili mbele ya nguvu farasi zote. GTR ina hali ya kubana matumizi ambayo unaiwasha kwa kitufe, nayo inapunguza ulaji, lakini haibadilishi aina ya petroli inayotakiwa.

Breki, shokapu na matairi

Breki za zote mbili zinatosha na kubaki. FJR ina diski mbili za mbele za milimita 320, GTR milimita 310 zenye kingo za mawimbi. Ukikanyaga breki ya nyuma ya FJR, sehemu ya breki ya mbele inashika pia. Kwenye GTR ya 2010 na kuendelea breki zinashirikiana na unaweza kuchagua ushirikiano huo uwe mkubwa au mdogo. Kwenye mvua nachagua mkubwa.

Shokapu za mbele za GTR ni zile zilizopinduliwa, nene juu na nyembamba chini, na ndizo zinazoipa uimara wake kwenye kona za kasi. FJR ya kawaida inatumia zile za zamani za milimita 48, nene, zisizo na makuu. Kuna FJR1300ES ambayo shokapu zake unazirekebisha kwa kitufe ukiwa umekaa: peke yako, na abiria, na mizigo. Ukipata ES kwa tofauti ndogo ya fedha, chukua. Kurekebisha shokapu kwa spana ni jambo ambalo watu hulisema watalifanya na hawalifanyi, kisha wanabeba abiria na mizigo kwenye springi iliyopimwa kwa mtu mmoja na kulaumu pikipiki kwamba inayumba.

Tairi la nyuma la GTR, 190/50, ni pana na la chini. Linaifanya igome kidogo kuanza kulala kwenye kona, halafu ikishalala inatulia. Wamiliki wengi hufunga 190/55 badala yake, na pikipiki inakuwa nyepesi kugeuka. FJR ya 180/55 haihitaji ujanja huo.

Karakana

Hapa ndipo nakaa kidogo, kwa sababu pikipiki ya safari ikilala kwa fundi si pikipiki ya safari.

Zote mbili zinatumia shafti, na shafti ndiyo zawadi kubwa ya daraja hili. Hakuna cheni ya kupaka mafuta kila jioni, hakuna kukaza, rimu haichafuki. Kazi yake ni ndogo mno kiasi kwamba watu huisahau. Oili ya difu ya FJR ni lita 0.2 tu, haizidi glasi moja. Ukinunua iliyotumika, imwage oili hiyo siku ya kwanza bila kujali muuzaji amesema nini. Chota kidogo kwa kidole, isugue kati ya kidole gumba na cha shahada juani. Ikiwa laini na nyeusi kidogo tu, vizuri. Ikikwaruza kama vumbi la mchanga, au ukiona vipande vinavyometa ambavyo unaweza kuvihesabu, difu inakula meno na bei lazima ishuke, au uondoke. Kila tairi la nyuma linapovuliwa, mwambie fundi apake grisi kwenye meno ya shafti kabla ya kurudisha. Ni kazi ya dakika chache, na meno makavu ndiyo yanayoua shafti ambayo ingeishi kuliko injini.

Kisha valvu. Kitabu cha Marekani cha FJR kinataka zipimwe kila maili 26,600, yaani karibu kilomita 42,800. Cha Concours 14 kinasema maili 15,000, yaani karibu kilomita 24,000. Kupima valvu kwenye pikipiki hizi si kazi ya nusu saa: plastiki za pembeni zinatoka, tangi linainuliwa, vitu vinasogezwa, na ikiwa valvu imebana inabidi kamshafti zitolewe ili kubadilisha vidude vidogo vya chuma vilivyo chini yake. Sehemu kubwa ya gharama ni saa za fundi. Piga hesabu ya kilomita laki moja: FJR itapimwa mara mbili, GTR mara nne. Kwangu hii ni tofauti kubwa kuliko farasi tisa.

GTR ina ufunguo wa kielektroniki unaokaa mfukoni. Pikipiki inautambua ukisogea, unazungusha swichi na kuwasha. Ni raha ukiwa na glavu. Lakini ukinunua iliyotumika, usitoe fedha kabla hujaona funguo zote mbili, ule mkubwa na ile kadi ya akiba, na kuzijaribu moja moja huku nyingine ikiwa mbali. Betri ya ufunguo mkubwa ikiisha katikati ya safari, kadi ndiyo itakayokuokoa, kwa hiyo iweke mahali pengine, isikae mfuko mmoja na ufunguo.

Kwa zote mbili, chukua namba ya fremu uende nayo kwa wakala wa chapa husika umwulize kama kuna matengenezo ya lazima ambayo kiwanda kiliagiza na hayajafanywa. Hufanywa bure.

Abiria

GTR inashinda hapa. Kiti chake cha nyuma ni kipana, mabegi ya lita 35 yanameza vitu vya watu wawili, na ile nguvu ya juu inayobaki akiba unaihisi ukiwa umebeba mizigo na mlima uko mbele. FJR inabeba abiria vizuri pia, lakini mabegi ya lita 30 yanakulazimisha kuongeza sanduku la juu nyuma, na sanduku la juu likijaa linaanza kupepesuka na upepo wa malori. Kama mwenzako husafiri nawe kila mara na si mara moja kwa mwaka, sifuti maneno yangu ya mwanzo, bali naongeza: mpeleke akae kwenye zote mbili kabla yako, na kauli yake iwe na uzito sawa na yako.

Vipi kuhusu Honda?

Wapo watakaouliza kuhusu Honda ST1300, iliyotoka mwaka 2002 na ambayo Ulaya inaitwa Pan-European. Ina silinda nne za umbo la V zilizolala kwa urefu wa pikipiki, gia tano, na tangi la lita 29 ambalo hakuna kati ya hizi mbili linalolikaribia. Kwa mfano wetu wa lita 6, hizo ni zaidi ya kilomita 480. Kiti kinashuka hadi milimita 775. Ni injini tulivu ya kudumu. Lakini ina uzito wa karibu kilo 330, nguvu yake iko chini ya hizi mbili, na tairi lake la mbele ni la inchi 18, kipimo chenye chaguo chache za matairi ya kisasa. Ningempa mtu mwenye miguu mifupi anayependa kwenda mbali bila haraka. Aliyevutiwa na neno mwendo kwenye pikipiki ya mwendo na safari, arudi juu.

Kabla ya kulipa

Usizijaribu kwa dakika kumi. Dakika kumi zitakuambia kwamba GTR ina nguvu na FJR ni laini, mambo ambayo unayajua tayari. Omba saa nzima, na kama muuzaji ana wasiwasi, acha dhamana au hata pikipiki yako. Vaa nguo zako zote za safari. Pandisha kioo cha mbele hadi juu kabisa, kisha kishushe taratibu ukiwa kwenye mwendo, na usikilize kelele ndani ya helmeti inapungua wapi. Kwa watu warefu na wafupi jibu si moja, na upepo unaopiga helmeti ndio unaochosha shingo kuliko kiti kinavyochosha mgongo. Geuza mara tatu mahali finyu, kulia na kushoto. Ingia kwenye foleni au simama juani injini ikinguruma mpaka feni iwake, uone joto linaelekea wapi.

Kisha rudi, zima, shuka, na uiweke kwenye stendi ya kati mwenyewe bila kusaidiwa. Kanyaga mguu wa stendi kwa uzito wako wote huku ukiinua kidogo kwa mkono wa kulia. Iliyopanda kwa pumzi moja ndiyo utakayoweza kuishi nayo usiku ukiwa peke yako, umechoka, na tairi la nyuma limeishiwa upepo.